Shukrani kwa aliyepanga stoo ya shule

Wewe uliyejitolea kupanga stoo ya shule ya umma, asante. Mboga zilikuwa zikioza hata hazijawafikia wanafunzi, na lawama zote zikamwangukia msambazaji. Kumbe kosa lilikuwa humo humo ndani: tufaha na ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, inayogeuza mboga za majani kuwa za njano na karoti kuwa chungu. Ukazitenga. Ukakataza kuosha kabla ya kuhifadhi, maana unyevu huleta ukungu; kuosha kukawa asubuhi ya kugawa, kwa maji safi yanayotiririka. Matunda yaliyokatwa ukayaweka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, yasikae mezani zaidi ya saa 2. Hata visu ukavinoa, kwani kisu butu huponda tunda! Mwenye asubuhi moja ya kujitolea aende shule iliyo jirani, akaanze na stoo.