Mhariri, Big Boi naye ahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu linafika hapa saluni kila asubuhi kabla sijawasha hata mashine, na kurasa za burudani ndo wateja wanazigombea wakiwa wanasubiri zamu. Juzi mmeandika habari za OutKast, lile kundi la hip hop la jamaa wawili wa Atlanta, Marekani, André 3000 na Big Boi, na ile albamu yao ya 2003 inaitwa Speakerboxxx/The Love Below. Nilifurahi sana kuiona. Ila makala karibu yote ni André 3000 na wimbo wake Hey Ya!, Big Boi kapewa mstari mmoja tu kwamba "alikuwepo pia", na mwandishi wenu anasema kabisa upande wake ungeweza kukatwa na albamu isipungukiwe kitu. Nimekaa nalo moyoni siku nne, nimeona niandike maana hapa Sinza hii albamu tunaibishania miaka na miaka na hayo maneno siyo haki.

Kwa wasioijua, zilikuwa CD mbili kwenye kasha moja, zilitoka Septemba 2003. Ya kwanza, Speakerboxxx, ya Big Boi, ya pili, The Love Below, ya André, jumla nyimbo 39 ukihesabu na vile vipande vya maongezi, zaidi ya saa mbili za muziki. Sasa hapo ndo tatizo lilipoanzia kwetu. Mi mwaka 2004 nilikuwa bado najifunza kazi, nafagia nywele na kufua mataulo, na albamu tulikuwa tunachomewa Kariakoo, yaani unanakiliwa kwenye CD tupu, unalipia kila CD. Ukisema unataka hii yenye CD mbili ulikuwa unalipa mara mbili, kwa hiyo watu wengi walikuwa wanasema nipe ile yenye Hey Ya! basi. Bosi wangu alileta hiyo hiyo moja, imeandikwa kwa maka pen nyeusi OUTKAST, na mi nikakaa zaidi ya mwaka mzima naamini hiyo ndo albamu yote. Nina uhakika siko peke yangu, wengi wanaotoa maoni mpaka leo wamesikia nusu.

Maoni ya wateja wangu yako makundi kama matatu hivi. Kuna wale wakubwa, waliokuwa wanawasikiliza OutKast toka miaka ya 90, wao wanasema André alitupa hip hop akaenda kuimba mapenzi, na wanaumia kweli, maana huyu ni mtu ambaye 1995 kule New York kwenye tuzo za jarida la The Source walizomewa wakipanda kuchukua tuzo ya kundi jipya, akasimama akawaambia ukweli kwamba watu wa Kusini mwa Marekani nao wana la kusema. Kwa wao huyo ndo André. Halafu kuna madada na vijana waliokuja kwa Hey Ya!, hao wanasema CD ya Big Boi ni kelele. Na kuna sisi wachache tuliokuja kuisikia yote.

Naanza na hao wakubwa zangu, kwa heshima zote. Kaka zangu, mmefika mwisho wa The Love Below kweli? Wimbo wa mwisho kabisa André anarap zaidi ya dakika nne, hakuna kiitikio, anasimulia maisha yake, walivyokutana na Big Boi, walivyoanza, mpaka mambo yake na mwimbaji Erykah Badu. Amekaa CD nzima anaimba, ana waimbaji wageni Kelis na Norah Jones, anacheza na jazi, halafu anakuja kufunga kwa kurap mfululizo kama mtu anayepumua. Mtu aliyeikimbia rap hafanyi hivyo. Hata hapa kwetu miaka ile ile tulikuwa na ugomvi huo huo, ukiimba kidogo unaambiwa umeuza hip hop, na leo nani anakumbuka ule ugomvi ulihusu nini.

Na Hey Ya! yenyewe, naomba watu waisikilize vizuri, siyo kuicheza tu. Kwanza maneno yake ni ya huzuni, ni mtu anajiuliza kama kuna mapenzi yanayodumu kweli, au watu wanang'ang'aniana kwa sababu wanaogopa kuwa peke yao. Pili mdundo. Nina mazoea nikiuweka natazama miguu ya wateja. Gonga kidole mezani uhesabu, unapata nne, nne, nne, halafu inakuja mbili tu, halafu nne, nne, inarudi mwanzo. Ile mbili ndo inakuvuta mbele, mguu wa mteja unakosea kidogo hapo halafu unajirudi wenyewe, na yeye wala hajui kwa nini wimbo unamsukuma. Wimbo uliokaa namba moja Marekani wiki tisa umejengwa hivyo! Kwa hiyo mi simpunguzii André hata kidogo, kaka ni fundi.

Lakini Big Boi. Jamani Big Boi.

Wimbo uliokuja kuitoa Hey Ya! kwenye namba moja Februari 2004 ulikuwa upi? The Way You Move, wa Big Boi na mwimbaji Sleepy Brown. Yaani kundi limejitoa lenyewe kileleni, na huo wimbo unatoka kwenye hiyo CD mnayosema ingekatwa. Mwezi huo huo albamu ikachukua Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka, hip hop ilikuwa imewahi kupata hiyo mara moja tu kabla, Lauryn Hill 1999. Tuzo walipewa kwa albamu nzima Mhariri, CD zote mbili.

Mi niliisikia CD yake 2005, mteja mmoja kondakta wa daladala aliniachia akasema hebu sikiliza hii utaniambia. Nikaiweka jioni tunafunga, nafuta vioo. Ikaanza GhettoMusick, mdundo unakimbia kama injini imekwama kwenye gia ya juu, nikajua labda CD mbovu, halafu ghafla unakatika inaingia sauti ya mwimbaji Patti LaBelle taratiiibu, halafu inarudi ile kasi. Niliweka kitambaa chini nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikairudia mara tatu nne. Na hapo ndo nilikuja kujua huo wimbo uko kwa Big Boi lakini aliyeutengeneza ni André, na kule kwa André kwenye Roses, Big Boi naye yupo anachana. Sasa utawakataje hawa watu, wakati wameingiliana hivyo?

Halafu ana The Rooster, anaongelea kulea watoto mambo yakishaharibika nyumbani, na hilo kwa sauti ya mwanaume mzima bila kujionea huruma, tarumbeta zinalia nyuma kama harusi. Mi wakati ule nilikuwa na mtoto wa miezi saba na mambo yangu hayakuwa sawa, sitaingia huko, ila ule wimbo nilikuwa nausikiliza kwa earphone nikirudi nyumbani kwa miguu. Ana War, anaongelea siasa na vita vya nchi yake wakati ule, ana Church, anauliza tuko hapa duniani kwa ajili ya nini. Kamweka mpaka mwanae mdogo kwenye kipande cha maongezi, unamsikia dogo anajaribu kuchana kama baba. Hizo ndo kelele? Mtu anachana kwa kasi ile na kila neno linasikika, hakuna silabi imemezwa. Vijana wangu hapa wanaotaka kurap nawaambia kwa kutamka maneno yakasikika nendeni kwa Big Boi kabla ya mtu yeyote.

Nadhani kilichomponza ni kwamba hakubadilika nguo wala sauti. André alivaa kijani, kwenye video akacheza watu wanane peke yake, akaonekana ni mpya. Big Boi alibaki pale pale kwenye kazi aliyokuwa anaifanya toka 1994, akawa anaifanya vizuri kuliko zamani, na watu mtu wa hivyo wanamzoea wanaacha kumuona. Mi ni kinyozi, hilo nalijua. Mteja anasifia mtindo mpya, ile kazi ya kunyoosha mstari wa paji la uso kila wiki usipinde hakuna anayeisema mpaka siku umepinda.

Siwalaumu kwa kumsifia André, ombi langu ni moja tu, mwandishi wenu achukue CD ya kwanza, aanze mwanzo mpaka mwisho bila kuruka, usiku akiwa ametulia, halafu aandike tena. Na akitaka aje hapa Sinza jumamosi baada ya saa kumi, spika ninazo, tutaziweka CD zote mbili mfululizo na wateja watakuwepo watamwambia wenyewe.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku,
Kinyozi, Sinza, Dar es Salaam