Yah: Malalamiko kuhusu mipangilio ya prosesa na USB isiyoelezwa ndani ya BIOS

Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Utengenezaji wa Bodi Mama.

Ndugu Wahusika,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, na bodi mama iliyomo kwenye kompyuta yangu ya kazi ni ya kampuni yenu, aina inayopokea prosesa za AMD. Bodi yenyewe sina neno nayo: imetulia, haichemki, na matundu yake yote yanafanya kazi. Kilio changu ni maelezo mliyoyaandika ndani ya BIOS yake, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ambayo kwa sehemu kubwa si maelezo kabisa.

Nilisasisha BIOS kwa faili nililolipakua kwenye tovuti yenu. Chini ya toleo hilo mliandika sentensi moja tu, kwamba linaboresha uthabiti wa mfumo. Hamkutaja popote kwamba mipangilio yote ingerudi kama ilivyotoka kiwandani. Kompyuta ilipowaka tena, mashine pepe ninazozitumia kazini (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) ziligoma, na kibodi ikawa inakufa kila ninapowasha programu yangu ya zamani ya kupima kumbukumbu (RAM) kutoka kwenye flashi. Ndani ya BIOS kibodi inaandika vizuri. Ndani ya Windows inaandika vizuri. Hapo katikati, hata taa ya Num Lock haitikisiki.

Nianze na mashine pepe. Windows ilinieleza waziwazi kwamba uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa kwenye BIOS. Nikaingia humo kuutafuta. Mmeweka kisanduku cha kutafutia, jambo zuri, lakini nilipoandika “virtual” hakikuleta chochote. Mpangilio wenyewe mmeuita “SVM Mode”, nanyi mmeuficha ndani ya menyu ya kuongeza kasi ya prosesa, chini ya menyu nyingine mbili. SVM ni jina la AMD. Kwa Intel jambo hilohilo huitwa VT-x. Mtu asiyejua hivyo atalipitia jina hilo na kurudi bila kulishtukia. Nikaangalia kidirisha cha msaada upande wa kulia, kimeandikwa: “Washa au zima SVM Mode.” Ni kama kumuuliza mfamasia dawa hii ni ya nini, akakujibu kuwa ni ya kumeza.

Upande wa USB ndio ulionisumbua zaidi. Kuna mpangilio mnaouita “Legacy USB Support”, ambao sasisho lenu liliuacha umezimwa. Msaada wake unasema: “Washa au zima Legacy USB Support.” Kazi yake hasa, kwa faida ya yeyote atakayeandika maelezo mapya, ni kuifanya kibodi ya USB ionekane kama zile za zamani za tundu la duara, ili programu isiyo na dereva wa USB (programu ndogo ya kuwasiliana na vifaa hivyo) iweze kuisoma. Ukiuzima, kibodi inabaki kuonekana na programu za UEFI (muundo mpya uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) peke yake mpaka mfumo endeshi upakie dereva wake. Programu yangu ya kupima kumbukumbu ni ya kabla ya enzi za UEFI. Nilipouwasha mpangilio huo, kibodi ikafufuka papo hapo. Sentensi hizo mbili zingetosha kabisa kwenye kidirisha chenu, na nafasi ipo, maana robo tatu yake iko tupu.

Mstari unaofuata ni “XHCI Hand-off”. Huu nao msaada wake ni jina lake lilelile, likitanguliwa na “washa au zima”. Hapa kuna habari ambayo mteja ana haki ya kuijua. xHCI ni kidhibiti kilichokuja na USB 3.0, na hubeba pia vifaa vya USB 2.0 na vya nyuma yake. Kompyuta inapowaka, kidhibiti hicho kinashikwa na BIOS; mfumo endeshi ukiingia, unatakiwa kuomba ukabidhiwe. Mpangilio huu uliwekwa kwa ajili ya mifumo isiyojua kuomba makabidhiano hayo vizuri. Windows 7 ya mwaka 2009 haikuja na dereva wa xHCI. Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo iliyokuja nao. Ndiyo maana wengi waliojaribu kuweka Windows 7 kwenye bodi mpya walijikuta kibodi na mausi vimezima katikati ya kazi, na wakadhani tundu limeungua. Ni wangapi walirudisha bodi nzima kwa sababu ya mstari mmoja usioelezwa, ninyi ndio mnaojua.

“ErP Ready” siisemi sana. Inatokana na kanuni za Umoja wa Ulaya za kupunguza umeme unaoliwa na kifaa kilichozimwa. Ukiiwasha, kompyuta iliyozimwa haiamki tena kwa kubonyeza kibodi, na simu iliyochomekwa kwenye tundu la USB haichaji. Andikeni hivyo tu.

Turudi kwenye prosesa. “Global C-state Control” inahusu jinsi prosesa inavyolala inapokosa kazi: namba ya C ikipanda, usingizi unakuwa mzito, umeme unaoliwa unapungua na kuamka kunachukua muda zaidi. Anayerekodi sauti kwa kifaa cha USB anaweza kuwa na sababu ya kuuzima, akakubali umeme mwingi kidogo ili sauti isikatike. Aliyeacha kompyuta ya faili iwake usiku kucha hana sababu hiyo hata kidogo. Msaada wenu unataja “DF C-states” bila kusema DF ni nini. Ni Data Fabric, njia inayounganisha viini vya prosesa na kumbukumbu. Aliyeandika sentensi ile alikuwa akimwandikia mwenzake wa ofisi ya jirani.

Halafu kuna “Power Supply Idle Control”, na hapa ndipo nilipokasirika kwelikweli. Machaguo ni matatu: Auto (BIOS ijiamulie yenyewe), Low Current Idle (mkondo mdogo) na Typical Current Idle (mkondo wa kawaida). Kidirisha cha msaada ni cheupe, hakina hata herufi moja. Mpangilio huu upo kwa sababu baadhi ya pawasaplai, hasa za zamani, hazivumilii mkondo mdogo mno ambao prosesa hizi huutumia zikilala. Matokeo yake kompyuta inaganda au inajizima ikiwa haifanyi kitu chochote, ilhali ukiipa kazi nzito inakwenda siku nzima. Mtu mwenye tatizo hilo atabadilisha kumbukumbu, atabadilisha diski, ataweka Windows upya, na tiba iko kwenye mstari mmoja ambao hamkuuandikia neno. Sijui mlifikiri nani angeugundua.

Niliwaandikia idara yenu ya msaada wa kiufundi kuhusu kibodi na mashine pepe. Jibu likawa nirudishe mipangilio ya kiwandani, kisha niache kila kitu kwenye Auto. Mipangilio ya kiwandani ndiyo hasa iliyonifikisha pale. Na hiyo Auto, ni nini? Kwenye skrini hamwonyeshi imeamua nini. Inaweza kumaanisha kuwasha kwenye toleo hili na kuzima kwenye toleo lijalo, na mteja hana njia ya kujua isipokuwa kusubiri kitu kiharibike.

Najua mtajitetea kwamba sehemu kubwa ya menyu ya AMD CBS, yenye mipangilio hii ya prosesa, pamoja na maneno yake, inatoka kwa AMD wenyewe. Sawa. Lakini nembo inayotokea kompyuta inapowaka ni yenu, na mwongozo uliomo kwenye boksi mmeuchapa ninyi, ukiwa na kurasa nzima za namna ya kubadilisha rangi za taa na hakuna hata aya moja kuhusu mipangilio niliyoitaja.

Ninachoomba ni hiki. Kila mpangilio wa prosesa na USB uandikiwe unafanya nini, nani anauhitaji, na nini kitaacha kufanya kazi ukibadilishwa. Pembeni ya neno Auto ionekane thamani inayotumika wakati huo. Mipangilio inayoweza kumwacha mtu bila kibodi itoe onyo kabla ya kuhifadhiwa. “Fast Boot” ni mfano, kwani inaweza kuruka utayarishaji wa USB hadi usiweze kuingia tena BIOS kwa kubonyeza Delete, na pini za kufutia CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS) mmeziweka chini ya kadi ya picha, mahali ambapo kidole hakifiki bila kuing’oa kadi yenyewe. Kisanduku cha kutafutia kitambue maneno ambayo watu wanayatumia, si vifupisho vya watengenezaji pekee. Na kila sasisho liseme bayana linafuta nini, ikiwemo kama fTPM (hifadhi ya funguo za siri iliyomo kwenye prosesa) itaguswa, kwa sababu aliyefunga diski yake kwa BitLocker ya Windows anapaswa kuwa na ufunguo wake wa dharura mkononi kabla hajaanza.

Nimeambatanisha picha za kurasa zote nilizozitaja, pamoja na namba ya toleo la BIOS na ya bodi. Naomba barua hii ifike kwa wanaoandika maelezo ya BIOS, na majibu yatoke kwao kupitia anwani niliyosajilia bodi. Mkinijibu tena niweke Auto, nitaomba kwanza mniambie Auto hiyo imewekwa wapi.

Wasalaam,
Mteja wenu.