Ndege wa Sabaki waachiwe fungu lao la mchanga maji yakijaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ndege wa majini wa mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wetu wa Malindi, ambao wengi wetu huwatazama kwa mbali na kuwahesabu wote kuwa kundi moja.

Maji yanapopwa, mdomo wa kila ndege ndio unaoamua ale nini. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, huupenyeza ndani ya mashimo ya kaa. Vitwitwi wenye midomo mifupi hukimbia hatua chache, husimama, kisha hudonoa walichokiona juu ya tope. Heroe huinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini, akachuja vijidudu majini. Yangeyange huchokora tope kwa mguu ili samaki wadogo watoke mafichoni, na mnandi, ambaye manyoya yake huloa anapopiga mbizi, hana budi kusimama akianika mbawa. Anayenistaajabisha zaidi ni yule aitwaye kwa Kiingereza crab-plover, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huonekana pia katika hori ya Mida, karibu na Watamu: huzaliana katika pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, akichimba shimo mchangani na kutaga, kwa kawaida, yai moja tu, ambalo joto la mchanga humsaidia kuliatamia.

Maji yakijaa, hawa walao topeni hawana chakula wala pa kusimama ila fungu la mchanga, na hapo ndipo tunapowakosea. Pikipiki hupitishwa katikati yao, mbwa huachiliwa, na wapo wanaolikimbilia kundi makusudi ili liruke wapate picha. Kila wanaporuka bure huchoma mafuta waliyoyaweka mwilini, na miongoni mwao wamo ndege wadogo wanaozaliana Siberia, ambao wakiondoka hapa Aprili au Mei huyategemea mafuta hayo njiani.

Wala haitoshi kuwachunga wakati wa kaskazi pekee. Kuanzia Aprili hadi Septemba hufika ndege wa Bukini, yaani Madagaska, mwenye mbawa ndefu, anayewinda wadudu hewani kama mbayuwayu, naye hupumzika papo hapo mlangoni mwa mto.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Kilifi, ikishauriana na wavuvi na waongoza watalii, ipige marufuku vyombo vya magurudumu na mbwa wasiofungwa kwenye fungu hilo, na iweke mabango ya Kiswahili yanayowataka watu wakae mbali na makundi kwa saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa. Sisemi wavuvi wazuiwe. Wao hupita wakaenda zao, na ndege wamewazoea.

Msomaji wako,
Malindi