Barua kwa Baba kuhusu stenti zake na kipimo cha CT

Baba mpendwa,

Shikamoo. Dada amenitumia picha ya kadi yako ya stenti, yaani vile vijibomba vya wavu wa metali vinavyoshikilia mishipa ya moyo ibaki wazi, pamoja na maelezo ya daktari anayetaka ufanyiwe kipimo cha CT cha mishipa ya moyo. Nimesikia pia kwamba hapo nyumbani mmegawanyika, wengine wakisema heri uende moja kwa moja kwenye anjiografia ya kupitisha mrija mkononi. Kwa kuwa riziki yangu huku naipata ndani ya chumba hicho hicho cha CT, nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kueleza kwenye simu inayokatika kila mara.

Kadi inasema unazo stenti mbili, moja ya kipenyo cha milimita 3.5 na nyingine ya milimita 2.5, na jibu la ubishi wenu limo humo. Metali ya stenti hung'aa mno kwenye picha za CT, hata ikaonekana nene kuliko ilivyo na kula nafasi ya ndani inakopita damu. Wiki iliyopita nilimpiga picha mgonjwa mwenye stenti pana: kuta zake zilionekana kama mistari miwili myeupe, katikati kukiwa na kijivu angavu cha damu iliyochanganyika na dawa ya rangi, inayodungwa ili mishipa ionekane, na ubavuni ukanda mwembamba wa giza, yaani tishu iliyoota kupitia matundu ya wavu wa stenti, kama kovu linavyoota juu ya jeraha. Kwenye stenti nyembamba ukanda kama huo humezwa na mng'ao, na msomaji wa picha hawezi kuapa kama anaona tishu au anaona metali. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 kuhusu maumivu ya kifua unakubali CT kwa stenti za milimita 3 na kuendelea.

Kwa hiyo, Baba, mwulize daktari anaitilia shaka stenti ipi. Ikiwa ni ile ya 3.5, mimi naunga mkono CT, kwa sababu picha safi ikionyesha njia i wazi, jibu hilo ni la kuaminika. CT ni hodari zaidi wa kukanusha kwamba mshipa umebana kuliko kuthibitisha. Ikiwa ni ile ya 2.5, nipo upande wa wanaotaka anjiografia, maana pakikutwa pamebana, mara nyingi huweza kuzibuliwa papo hapo. Zipo mashine mpya zinazohesabu fotoni, yaani chembe za mionzi ya eksrei, moja moja, zilizoidhinishwa Marekani mwaka huo huo wa 2021, ambazo huona stenti ndogo vizuri zaidi. Si vibaya kuuliza kama hospitali inayo.

Kama usingekuwa unabanwa kifua ukipanda ngazi, ningekwambia uachane na kipimo hiki, kwani kukagua stenti isiyo na dalili ni kujipatia mionzi bure. Lakini maumivu yakija umekaa na yasipoondoka, msisubiri CT wala barua yangu. Kimbilieni idara ya dharura, kwa kuwa huenda ni damu iliyoganda ghafla. Wala usiache aspirini bila kuambiwa na daktari.

Siku ya kipimo huenda wakakupa kidonge cha kupunguza mapigo, kwa kuwa moyo unaokwenda mbio hutia ukungu kwenye picha, nasi hupendelea mapigo yasiyozidi 60 kwa dakika. Watakupulizia dawa chini ya ulimi ili mishipa ipanuke. Kabla ya hapo watakuuliza kuhusu dawa fulani ambazo mtoto hamtajii baba yake. Wajibu ukweli, kwa sababu zikikutana na hiyo ya chini ya ulimi, shinikizo la damu huporomoka vibaya. Dawa ya rangi ikiingia, joto litakushuka kutoka kooni hadi nyongani, na wengi huniambia walidhani wamejilowesha. Usitikisike, bana pumzi kama utakavyoelekezwa.

Dawa hiyo ina ayodini na hutolewa na figo. Tafadhali mwambie Dada anitumie majibu yako ya kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na orodha ya dawa zako zote kabla ya siku ya miadi.

Mwanao akupendaye