Mbolea imefika, mahindi yako magotini

Mhariri,

Mara ya mwisho kuwaandikia ilikuwa 2011, juu ya maji ya mtaa wetu, na ile barua hamkuichapisha. Nikanyamaza. Lakini habari yenu ya Jumanne, yenye picha ya waheshimiwa wanne wameshika mfuko mmoja kama wanaobeba jeneza, imenishinda. Mlituambia mbolea ya ruzuku imewafikia wakulima. Lini?

Naishi Umoja, ila shamba la mama liko Ukambani, na nambari iliyosajiliwa kwa chifu ni yangu kwa sababu simu ya mama huzimika kila mara. Bei sina ugomvi nayo. Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 ni afueni kwa anayekumbuka 2022, tulipokuwa tukinunua kwa zaidi ya Sh6,000. Ugomvi wangu ni kalenda. Kwetu mvua ya kutegemewa ni ya vuli, inayoanza Oktoba. Ile ya Machi hutuchezea tu. Ujumbe wa kuniita nikachukue mbolea uliingia wiki ya tatu ya Novemba. Mahindi ya mama yalikuwa yameshanifika magotini.

Haya, nikaomba ruhusa kazini, saa kumi na moja alfajiri niko Machakos Country Bus, stendi ya hapa Nairobi, natafuta gari. Kufika kituo cha mbolea (jina naliacha, mama bado anahudumiwa hapo), karani akasema mwenye kitambulisho aje mwenyewe. Mama ana miaka 74. Akaletwa na boda, akakaa juu ya jiwe nje ya geti, leso kichwani, tangu saa nne. Saa sita mtandao umelala. Saa nane karani ameenda kula. Saa tisa unusu tukaitwa, pesa zikatoka kwenye simu yangu, ndipo karani akatwambia, bila hata kuinua uso, kwamba iliyobaki ni ya kupandia. Ya kukuzia, ambayo ndiyo mahindi ya kimo kile yanataka, imekwisha. Nikamuuliza tutapanda nini Novemba inaisha. Akasema, “Wekeni ya mwaka ujao.” Na mama, Mhariri, akamshukuru! “Asante mwanangu, Mungu akubariki.” Nilitaka kulia. Ukijumlisha nauli yangu, boda ya mama kwenda na kurudi, chai, na siku ya kazi iliyokatwa kwenye mshahara, ile afueni yote imeliwa njiani. Mifuko miwili iko stoo, kuku wanatagia juu yake.

Na kwa kuwa kalamu bado iko mkononi, miche nayo. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ya kupanda miti, safari ya kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kwetu miche ilishushwa kando ya barabara, ikapandwa huku picha zikipigwa, na kufikia Krismasi mbuzi walikuwa wamemaliza kazi. Marehemu baba hakupewa mapumziko yoyote. Alichimba mtaro, akatupa udongo upande wa juu, akapanda nyasi za kushika tuta, yeye na wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Fanya juu, ndivyo tulivyoita, na hata wataalamu wa ng’ambo huiita hivyo hivyo kwa Kiswahili. Matuta yake mpaka leo yanazuia maji. Mwaka jana moja lilibomoka, tukamwendea afisa wa kilimo aje atupimie mteremko, tukaambiwa pikipiki haina mafuta. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kilimo. Mafuta ya pikipiki yaelekea yalibaki huku Nairobi.

Ombi langu ni dogo. Kila kituo kiweke ubao mweusi getini na chaki, iandikwe kila asubuhi: ya kupandia mifuko mingapi, ya kukuzia mingapi. Ujumbe wa Ukambani utumwe kabla ya Septemba 20. Na yule mheshimiwa wa kushoto pichani, mwenye kofia, apelekwe akakae juu ya lile jiwe kuanzia saa nne hadi saa tisa unusu. Asibebe kiti, mama ameshalilainisha.

Mtoto wa Mkulima,
Umoja, Nairobi