Mdogo wangu, fundi anataka maneno ya kuchonga

Mdogo wangu,

Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu umejibu kwa ujumbe kwamba uko kikaoni. Kikao gani hicho kisichoisha? Basi nakuandikia hapa, kwenye ukurasa wangu wa mapishi, maana wifi huwa anapita kusoma na najua hatanyamaza.

Fundi amemaliza kujengea kaburi la mama. Zege limekauka. Marumaru ilipandishwa kutoka Same kwa bodaboda, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Jina na miaka nimeshampa. Chini yake pamebaki nafasi ya mstari mmoja, na mstari huo umeninyima usingizi, kwa sababu kila ninachoandika nasikia sauti yako ikinisahihisha. "Yuko pamoja na Bwana." Utasema bado. "Amelala." Nitasema mimi: kwani mama ni mtoto mchanga?

Kule kwetu Upare mtu hazaliwi Mkristo hivi hivi, anazaliwa upande wa bonde. Wasabato walianza kazi Giti mwaka 1903, Walutheri wa Leipzig nao walikuwa kwenye milima hiyo hiyo, na babu alikuwa akisema bila aibu kwamba yeye ni Mlutheri kwa sababu shule yao haikumlazimu kuvuka mto. Kwa hiyo ulipooa ng'ambo ya mto na kubatizwa upya kwa maji mengi, ukawa Msabato, baba alifoka siku mbili, basi. Mama hakusema kitu. Alikwenda gulioni akanunua chupa ya chai ndogo, ya bluu, akaiweka kabatini peke yake. Majani ya chai ulikuwa umeshayaacha, kwa hiyo chupa ile ikawa ya maji yako ya tangawizi. Ijumaa ukiwa nyumbani, makande yalikuwa yameshaiva na moto umeshafunikwa kabla jua halijazama. Sikumbuki aliwahi kukuuliza aya hata moja.

Aliyekuuliza ni mimi, nakubali. Unakumbuka jikoni, habari za yule mhalifu msalabani. "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Wewe ukaihamisha koma kwa ncha ya kisu ulichokuwa ukimenyea ndizi: nakuambia leo hivi, utakuwa pamoja nami. Nikasema unachezea Neno. Ukasema walioandika mwanzo hawakuweka koma yoyote. (Ni kweli. Nilimuuliza mchungaji wetu, akakubali, tena akaniongezea nisilolitaka: kwamba Luther mwenyewe, huyu tunayejiita kwa jina lake, mara nyingi alikizungumzia kifo kama usingizi. Nilirudi nyumbani nimenuna.) Lakini siku zile yalikuwa mabishano ya watu wenye mama hai. Tulikuwa tukimaliza, anatuambia tuoshe vyombo.

Ninalolibeba ni lile la uani. Jeneza chini ya turubai, watu wamepanga foleni ya kuaga, kwaya ya akina mama imefika ubeti wa tatu. Binti yangu, miaka 7, akakuvuta koti. Alikuwa amesukwa nywele usiku ule hadi saa saba, kwa ajili ya bibi yake. "Mjomba, Bibi ananiona?" Ukachuchumaa, ukamweka sawa kola ya gauni, ukamwambia: "Hapana, mama. Bibi hajui kitu sasa hivi. Amelala."

Nilikuwa nyuma yako, hatua mbili.

Mdogo wangu, mimi nilimuuguza mama wiki 11. Nilimgeuza, nilimwogesha, nilijifunza kumlisha uji kwa kijiko cha chai ili asipaliwe. Nawe ulikuja kila Jumamosi mchana mkitoka ibada, pamoja na kundi lako, mkaimba wodini, mama akatabasamu, mkaondoka. Mimi nikabaki na beseni. Na usiku aliokata roho nilikuwa nimeshuka kununua maji. Dakika 20. Tangu usiku ule nilikuwa nikizungumza naye, bafuni, kwenye daladala, namwomba radhi kwa zile dakika 20. Halafu wewe, kwa sentensi moja uliyomnong'oneza mtoto, ukaniambia kwamba nilikuwa nazungumza na ukuta.

Najua aya yako. Mhubiri 9, "wafu hawajui neno lo lote". Hukumdanganya mtoto, hilo silisemi. Lakini kuna saa ya somo na kuna saa ya kumshika mtoto mkono. Paulo alipowaandikia Wathesalonike habari zao waliolala, akaeleza parapanda, akaeleza mawingu, hakufunga kwa "basi, sahihishaneni". Alifunga hivi: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Na Yesu aliyesema Lazaro amelala, tena akijua anakwenda kumwamsha muda si mrefu, alifika akalia machozi. Ungelia kwanza. Nakushauri kama dada, siku nyingine ukiwa msibani, lia kwanza.

Utanijibu kwa habari ya Jumamosi, kwamba tulimzika mama siku yako ya Sabato. Najua, hilo ndilo jiwe lako la kunitupia.

Kwenye kikao cha msiba uliomba tuzike Jumapili. Uliomba kwa adabu, ukasema si amri, ni ombi. Nikasimama nikasema basi tulilokodi linarudi Dar Jumapili asubuhi, watu wana kazi Jumatatu, mochwari inatoza kwa siku. Yote hayo yalikuwa kweli. Na aliyeuguza ndiye anayejua hali ya mfuko, sioni kwa nini niombe msamaha kwa kupiga hesabu. Mweka hazina wa kamati aliniunga mkono. Ukaja hivyo hivyo, ukasimama kaburini na suti yako ya kanisani, hukushika jembe, mashangazi wakaona, wakasema waliyosema. Sikuwazuia.

Ila dereva alikuwa ameniambia. Tulisimama Korogwe usiku wa Ijumaa ili watu wapate chakula, akanifuata pembeni akasema, dada, mimi hata nikilala huko siku mbili hakuna neno, bosi ameshakubali. Nikamwambia asante, tutaona. Sikumwambia mtu. Tulikuwa na usiku mzima wa kubadilisha, na kaburi halikimbii.

Hili sasa limeshaandikwa. Shangazi, kama unasoma, usinipigie leo.

Nimekuwa nikikokotoa. Kama wewe ndiye uliye sahihi, mama alifumba macho wodini, na atakapoyafumbua ni parapanda. Hapo katikati kwake hakuna kungoja, hakuna upweke. Hata dakika 20 zangu hazimo. Kama mimi ndiye niliye sahihi, basi ameshakwenda kule alikotamani Paulo kwenda, akae pamoja na Kristo, nako "ni vizuri zaidi sana". Vyovyote vile mama hana shida. Wenye kungoja ni mimi na wewe, na tunangojea siku ile ile, mwili ule ule utoke udongoni, maana hata kwetu kila Jumapili tunakiri ufufuo wa mwili, ingawa nikiri kwamba miaka 12 ya kufundisha shule ya Jumapili nilikuwa naipita sehemu hiyo haraka haraka, watoto wanataka kusikia mbinguni kuna nini. Wewe ungeifundisha vizuri kuliko mimi. Sijasema una haki ya kuifundisha pale uani.

Juzi binti yangu alikuwa anasuka mdoli. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba mjomba alisema Bibi atasikia sauti moja tu, ya Yesu, na akishaamka ataangalia huku na huku halafu atauliza, nani amemsuka huyu mtoto vizuri hivi?

Nikamwuliza, mjomba alisema hayo lini? Akasema, pale pale, Bibi akiwa kwenye sanduku.

Sikuyasikia. Nilikuwa nimeshageuka.

Kingine. Begi la mama la hospitali lilikuwa bado juu ya kabati langu, nilikuwa silifungui. Jumatatu nimelifungua. Khanga mbili, miwani, kitabu cha nyimbo, khanga ya tatu aliyofungia dawa, na ndani kabisa, imeviringishwa kwenye sweta, chupa ya bluu. Mtu mgonjwa, anapanda basi kutoka mlimani kuja Dar hajui kama atarudi, akabeba chupa ya maji yako. Alikuwa akiliulizia begi lile, hasa Jumamosi. Nilikuwa nimelisukuma chini ya kitanda siku ya kwanza kabisa, na kila alipouliza nilimwambia, mama, pumzika, huna kazi nalo. Nilidhani anataka khanga.

Kwenye mfuniko kuna harufu ya tangawizi bado.

Fundi anataka maneno kabla ya Alhamisi, herufi zisizidi 30, zikizidi anasema zitabanana. Mimi nimeshindwa. Andika wewe, nitumie, sitahamisha koma. Jiwe litawekwa Jumapili saa nane mchana, nimeshakubaliana na mchungaji. Mpande kutoka Same Jumamosi jua likishazama, mlale kwangu mlimani na wifi na watoto. Moto utakuwa umewashwa na makande yatakuwepo. Maji yako nitayatia kwenye chupa yako.

Dada yako