Msimfungie chumbani: barua kwa familia zenye mtu aliyenaswa na vidonge vya maumivu

Wanangu,

Nimeuguza wagonjwa mpaka nikastaafu. Ninalowaandikia ni moja: mwenzenu akishindwa kuachana na tramadoli, kodeini au mofini, msimnyang'anye vidonge vyote kwa siku moja mkamfungia, mkidhani mnamtibu.

Wengi hawakuanza kwa starehe. Alivunjika mguu au alipasuliwa, akaandikiwa dawa, ikamsaidia. Kisha mwili ukaizoea, kipimo cha jana kikawa hakitoshi leo. Kuzoea huko peke yake si uraibu. Humpata hata mgonjwa wa saratani anayemeza kama alivyoelekezwa, naye msimnyime dawa yake kwa woga. Uraibu mtauona kwenye mwenendo. Vidonge vinaisha kabla ya siku yake, anakwenda kwa madaktari wawili watatu bila kuwaambia, anaficha, na kidonda kimeshapona lakini bado anameza ili siku ipite. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Anasinzia katikati ya mazungumzo.

Akikosa, ndiyo hiyo arosto: miayo, kamasi, jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuhara, kukesha. Mara nyingi huanza ndani ya siku moja na kuendelea siku 4 hadi 10. Hajifanyi, jamani. Anaumwa.

Niliwahi kumpokea kijana ambaye mama yake alimfungia siku 12, akimpikia na kumlisha kwa mkono wake. Alitoka amenenepa, nyumba nzima ikafurahi. Jioni moja akameza idadi ileile ya zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau kuihimili, pumzi ikakata. Yule mama hakukosa upendo. Alikosa mtu wa kumwambia.

Tiba ipo. Daktari anaweza kumpunguzia dawa kidogo kidogo, au kumhamishia kwenye methadoni au buprenofini, dawa za jamii hiyohiyo, ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Nasikia mkisema huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Sikubaliani kabisa. Zikitolewa kwa kipimo sahihi hazimleweshi aliyekwisha zoea. Hutuliza arosto na uchu, akaweza kufanya kazi na kulea wanawe, na hupunguza sana hatari ya kufa. Wengine huzihitaji miezi, wengine miaka. Msimharakishe kuziacha. Ushauri nasaha nao uende sambamba, hasa kama bado ana maumivu au huzuni iliyomfikisha hapo.

Pombe na dawa za usingizi viondoeni karibu naye, kwa maana vikichanganywa na vidonge hivi huzima pumzi upesi. Mkimkuta haamki, anakoroma ajabu au midomo imegeuka rangi, iteni msaada wa dharura, mpeni naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya vidonge hivi na kurudisha pumzi, kama mnayo, na kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwani naloksoni huweza kuisha nguvu kabla ya kile alichomeza.

Siku mtakayompeleka kwa daktari, bebeni pakiti zote, hata tupu. Na akiulizwa anameza vingapi kwa siku, nyamazeni, mwacheni ajibu mwenyewe.

Mzee wenu, muuguzi mstaafu